Foleni ya Kurasini Ilizaliwa Mlimba: Kisa cha Vichwa vya DFH kwenye Mlima wa TAZARA

Simama jioni chini ya daraja la Mfugale, pale makutano ya Tazara, uangalie juu. Bajaji inatoka upande wa uwanja wa ndege, ina abiria watatu na gunia la viazi limebanwa nyuma. Kwenye tambarare ilikuwa inakwenda sawa na wenzake. Ikishika mwinuko wa daraja mlio unabadilika, dereva anashusha gia, mwendo unakufa. Nyuma yake kuna daladala na lori zenye nguvu tele za kupanda, lakini zote sasa zinapanda kwa mwendo wa bajaji. Msururu unarudi nyuma hadi Vingunguti, na mtu aliyekwama kule nyuma anamlaani trafiki.

Mita chache kutoka hapo ndipo lilipo jengo kubwa la stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na kisa ninachotaka kukichambua ni hicho hicho cha bajaji, ila kwa ukubwa wa treni. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 ilipewa vichwa vya treni vya Kichina vya aina ya DFH. Hadi vichwa vya kwanza vya Kijerumani vilipoingia kazini mwaka 1983, mlima wa Mlimba hadi Makambako ulipandwa na mashine zisizofaa kwa mlima ule. Maumivu yakaonekana hapa Dar, bandarini Kurasini, mahali pasipo na kilima cha maana. Ndiyo maana hata leo ukiwauliza wazee wa mjini kwa nini mizigo ya Zambia ilikuwa inalala Kurasini, utaambiwa siasa, utaambiwa uzembe, utaambiwa kreni. Mlima hautajwi.

Historia ya reli yenyewe inajulikana, kwa hiyo nitaipita haraka. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipita kusini, ikajikuta mlango wake wa baharini umeshikwa na adui. Benki na serikali za Magharibi hazikutaka kugharamia reli ya kwenda Dar. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza rasmi 1970, njia ikakamilika 1975. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988 usio na riba. Kilomita 1,860, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, kwa reli za upana wa milimita 1,067 ili zioane na za Zambia na za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ina milimita 1,000, na ndiyo sababu reli hizi mbili zinazoanzia mji mmoja hazikuweza kuazimana hata behewa. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi ile, na wengi wamezikwa hapa hapa Dar, upande wa Gongo la Mboto.

Sasa mlima.

Ukitoka Dar, kilomita mia tano hivi za kwanza si mbaya. Unapita pori la wanyama, ambalo sehemu yake leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, unaingia bonde la Kilombero, unapita Ifakara kwenye mashamba ya mpunga. Kuna mito, kuna tope, lakini treni inatembea. Mlimba ndipo bonde linapokwisha. Mbele kuna ukuta. Makambako iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kati ya stesheni hizo mbili kuna kilomita 157 ambazo wajenzi walizihangaikia kuliko sehemu nyingine yoyote. Mahandaki ya reli nzima ni 22, na mengi yako hapa. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za mita 50. Udongo wenyewe ni wa kuteleza, na mvua za masika zikishika unaporomoka.

Mwinuko mkali kabisa ni moja kwa hamsini, yaani ukisogea mita 50 unapanda mita 1. Mtu wa miguu hauoni. Ukipita na baiskeli utasema ni barabara nzuri. Kwa treni ni habari nyingine, kwa sababu uzuri wote wa reli ni kwamba chuma juu ya chuma kina ukinzani mdogo sana, na uzuri huo ndio unaogeuka kuwa balaa njia inapoinama.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme treni ina tani 1,000, mzigo na kichwa pamoja. Kwenye tambarare, kuisogeza kunahitaji mvuto wa tani 4 hivi, basi. Kwenye moja kwa hamsini kila tani inataka kilo 20 za ziada kwa ajili ya kupanda tu, kwa hiyo tani 1,000 zinataka tani 20 juu ya zile 4. Mara sita. Treni ile ile, kichwa kile kile, dereva yule yule. Ili kuipandisha kwa kilomita 15 kwa saa unahitaji nguvu za farasi zipatazo 1,300 kwenye magurudumu. Angalia neno hilo: kwenye magurudumu, si kwenye injini.

DFH2, kichwa kikuu cha njia, kilikuwa na injini ya nguvu za farasi 2,000. Toa za kuzungusha feni za kupozea na kompresa ya breki, toa zinazopotea njiani kabla ya kufika kwenye gurudumu, zinabaki 1,400 hivi siku njema. Kwa karatasi, inatosha. Inatosha kama mshahara unavyotosha: hadi mtoto aumwe.

Kilichokuwa kinaumwa nilielezwa na mzee mmoja wa Vingunguti, fundi wa dizeli mstaafu ambaye siku hizi anatengeneza feni na pasi kwenye kibanda karibu na kwangu. Nilimpelekea feni, nikamkuta ana nyingine mbili mezani, na mazungumzo yakaja yenyewe.

"Mzee, hivi DFH zilikuwa na ubaya gani?"

"Ubaya? Hazikuwa na ubaya. Kaa hapo."

Akaziweka feni mbili zikitazamana, karibu karibu. Moja akaichomeka kwenye umeme, nyingine akaiacha waya unaning'inia. Akawasha. Ile isiyo na umeme ikaanza kuzunguka taratibu, kisha ikachanganya. "Hiyo ndiyo DFH," akasema. "Hapa katikati weka mafuta badala ya upepo. Dizeli inazungusha panga la kwanza, mafuta yanasukuma panga la pili, la pili linakwenda kwenye magurudumu. Hakuna jenereta, hakuna mota. Safi kabisa. Ukiondoka stesheni haina mshtuko, treni inanyanyuka kama mtu anayeamka usingizini." Kisha akachukua bisibisi, akaigusisha kwenye panga la feni ya pili mpaka likapunguza mwendo, likawa linajikongoja. "Sasa hii ni Uchindile, kule mlimani. Ile ya kwanza inajua kama nimeishika hii? Haijui. Inaendelea kula umeme vile vile. Nguvu imekwenda wapi?"

Nikasema sijui.

"Mwanangu, joto. Nguvu ikikosa pa kwenda inakuwa joto."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Mfumo huu wa kupitisha nguvu kwa mafuta (si dizeli inayochomwa, ni yale yaliyo kati ya mapanga mawili) hufanya kazi vizuri panga la pili likizunguka karibu na kasi lililopangiwa. Likibanwa, sehemu kubwa ya nguvu ya injini inaishia kuyapiga mafuta tu, na mafuta yanachemka. Kwa dakika tano, unapoondoka stesheni, si kitu, kipoozeo kinamudu. Mlima wa Mlimba si wa dakika tano. Ni saa nyingi za kutambaa, treni iko kwenye mwendo ambao mfumo ule unauchukia kuliko wote. Ongeza mahandaki: kichwa kinaingia kwenye shimo kikiwa tayari kimepata moto, kinavuta hewa iliyopashwa na moshi wake chenyewe, na kipoozeo kinapuliziwa hewa ya moto kipoze mafuta ya moto. Ongeza na mwinuko wenyewe, maana hewa ya Makambako ni nyepesi kuliko ya Kurasini, na injini yoyote ya dizeli hulisikia hilo. Mafuta yakifika kiwango cha hatari dereva hana ujanja. Anapunguza nguvu, na akipunguza nguvu treni inazidi kupungua mwendo, na mwendo ukipungua joto linazidi. Mwisho wake ni kusimama.

Watu wengi hapa mjini wakisikia hivyo husema: "Si ndiyo vitu vya Mchina." Nakataa. Mfumo wa mafuta haukuwa wa Wachina peke yao. Wajerumani Magharibi waliujengea vichwa vyao vya fahari tangu miaka ya 1950, na wakauza nje. Mwaka 1961 kampuni ya Krauss-Maffei ilipeleka Marekani vichwa sita vya nguvu za farasi 4,000, vitatu kwa reli ya Southern Pacific na vitatu kwa Rio Grande, reli mbili za milimani kabisa. Milima na mahandaki vikavitoa jasho vile vile. Rio Grande ilivumilia hadi 1964, ikaviuza vyake kwa Southern Pacific, na hao nao wakavishusha kwenye bonde la California, kwenye tambarare, ambako viliishi vizuri kidogo hadi walipoachana navyo kabla ya miaka kumi kutimia. Kwa hiyo funzo hilo lilikwisha kulipiwa Marekani kabla jiwe la kwanza la TAZARA halijawekwa. China ilitoa kilichokuwepo kwenye viwanda vyake, tena kwa mkopo usio na riba, wakati wengine walikuwa hawajatoa hata msumari. Kosa, kama tunataka kuliita kosa, ni kuchagua kichwa kwa kutazama kilomita 1,860 badala ya kutazama zile 157.

Turudi kwenye uendeshaji, maana hapo ndipo joto la mafuta linapogeuka kuwa foleni bandarini.

Reli za milimani duniani zina dawa mbili kubwa za treni inayoshindwa kupanda, na zote zina uchungu. Ya kwanza ni kuongeza kichwa. Vichwa viwili vinapanda pamoja, kisha kimoja kinarudi chini kikiwa kitupu kusubiri kingine. Kichwa hicho kinakula mafuta, kinachakaa, kina dereva anayelipwa, na hakijasogeza tani hata moja kutoka Dar. Ya pili ni kuipunguza treni: ama unaipakia kidogo tangu mwanzo, ama unaikata chini ya mlima na kuipandisha vipande vipande.

Sasa kumbuka TAZARA ni njia moja. Treni zinapishana kwenye stesheni tu. Tuseme kati ya stesheni mbili mlimani kuna kilomita 12. Treni nzima ikipanda kwa kilomita 15 kwa saa inatumia dakika 48, na muda wote huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia. Ukiikata, kichwa kinapandisha nusu ya kwanza, kinateremka, kinapandisha nusu ya pili: saa mbili zimekwisha. Huko juu treni ya shaba inayotoka Zambia imesimama, inasubiri njia. Nyuma yake nyingine. Huku chini treni iliyotoka Dar jana imesimama Mlimba, nyuma yake nyingine iko Chita. Mabehewa yaliyosimama Chita ndiyo yaliyotakiwa yawe Kurasini yakipakia. Msimamizi wa bandari anaona gati limejaa na hana mabehewa. Haoni mafuta yaliyochemka kilomita 500 kutoka kwake.

Tena kuna jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Shaba ilikuwa inateremka mlima ule. Vilivyokuwa vinapanda ni vile vilivyoshushwa melini hapa Dar: mashine na, zaidi ya yote, mbolea. Kwa hiyo mlima haukubana pande mbili sawasawa, ulibana zaidi uagizaji wa Zambia. Mpaka kati ya Zambia na Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, na Dar ndiyo ilikuwa tegemeo. Ilipofika Oktoba 1978 Kaunda, huku akijua kabisa atasemwa, aliifungua tena njia ya kusini. Hoja iliyokuwa mbele ilikuwa mbolea: msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia na mbolea haijafika. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1979, makomando wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi upande wa Zambia, na reli ikakatika kabisa kwa muda. Tukio hilo linakumbukwa na kila mtu kwa sababu lilikuwa na mlipuko. Mlima haulipuki.

Sisemi mlima peke yake ulikuwa na hatia. Mabehewa yalikuwa yanachelewa kurudi kutoka Zambia, bandari ya Dar ilikuwa na uhaba wa vifaa, vipuri vilitakiwa kusafiri kutoka China kwa meli, na mafundi walikuwa wanajifunza kazi huku wakiifanya. Lakini mambo hayo yote yalikuwa na njia ya kupoozwa kwa mikutano na barua. Moja kwa hamsini haina barua ya kuandikiwa.

Niseme neno moja kuhusu kushuka, maana watu hudhani kupanda ndiko kugumu. Kupanda ukishindwa unasimama. Kushuka ukishindwa husimami. Treni ya shaba inayoshuka kutoka Makambako inasukumwa na uzito wake wenyewe kwa saa nyingi, na kiatu cha breki kikisuguana na gurudumu muda wote huo kinapata moto hadi kinakosa ushiko. Kitu mteremko unachoweza kufanya tulikiona kwenye Reli ya Kati, Igandu mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar iliporudi nyuma mlimani na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ule ni mlima mwingine na reli nyingine, lakini nguvu inayovuta ni ile ile.

Dawa ya Mlimba ilifika mwaka 1983: vichwa 14 vya dizeli-umeme vya muundo wa U30C wa General Electric ya Marekani, vilivyoundwa na Krupp ya Ujerumani Magharibi. Hapa dizeli inazungusha jenereta, na jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye kila ekseli, ekseli sita. Mota nazo hupata joto zikibanwa, haikwepeki, lakini kila moja inapulizwa hewa yake, na zinastahimili kutambaa kwa muda mrefu kuliko mafuta yanayopigwa kwenye chemba. Nguvu zikapanda kutoka 2,000 hadi 3,000 na kitu. Mashine za umeme zina faida nyingine kwenye kuteremka: mota inaweza kugeuzwa jenereta, ikawa inazuia gurudumu bila kusuguana na chochote.

Kuna kejeli ndogo hapa ambayo sijaona mtu akiicheka. Reli iliyojengwa na China ya Mao kwa sababu nchi za Magharibi zilikataa, miaka saba baada ya kukabidhiwa ikapandishiwa mlima na muundo wa Marekani uliofyatuliwa Ujerumani. Kwa fundi hilo si kejeli, ni kichwa kinachofaa.

Vichwa hivyo vilisaidia? Mwaka 1986 TAZARA ilibeba kama tani milioni 1.2, moja ya viwango vya juu katika historia yake. Sidai ni kazi ya vichwa 14. Wakati ule nchi za mstari wa mbele zilikuwa zinaikwepa Afrika Kusini, na wafadhili walikuwa tayari kusaidia njia yoyote isiyopita huko. Lakini sidhani mzigo ule ungepanda kirahisi kwa vichwa vya zamani. Wakati huo huo tusisahau kwamba reli ilibuniwa kubeba tani milioni 2 au zaidi kwa mwaka, na haijawahi kuzifikia. Baada ya ubaguzi kuanguka, mizigo ikarudi kusini na kwenye malori ya barabara ya Tunduma. Mwaka wa 2014/15 zilibebwa tani zisizofika 90,000, na hapo hata bajaji, nusura niseme, ingetosha.

Septemba 2024, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua reli hii. Habari hizo nilimkuta mzee wangu wa feni akizisikiliza redioni, pasi ya mtu imefunguliwa mbele yake. Mtangazaji alikuwa anasoma mambo ya fedha. Mzee akangoja amalize, akapunguza sauti.

"Wamesema kila kitu," akaniambia. "Treni moja itapanda Mlimba na tani ngapi?"

Nikamwambia hilo halijasomwa. Akarudi kwenye pasi yake.